Mwaka Niliokatazwa Kusinga

Kama umeanza kusoma haya kwa sababu ngozi yako inababuka na kila daktari anakupa jina jipya, kaa kitako tuzungumze. Mimi si daktari wala si mganga. Ni mwanamke wa miaka hamsini na nne, naitwa Saumu, naishi Kariakoo kwenye nyumba ya zamani iliyobanwa na maghorofa pande tatu, na kazi yangu ni kusinga maharusi. Nasaga liwa, ule mti wa kunukia, nachanganya na karafuu, asumini na maji ya waridi iwe singo, kisha bibi harusi analetwa kwangu siku saba kabla ya ndoa, nimsugue mwili mzima mpaka ngozi ilainike na kunukia. Kazi hii nilifundishwa na dada yangu Mwajuma, naye alifundishwa na mama yetu. Kwa hiyo ninaposema nilijiona naijua ngozi, sijisifu. Niliijua kuliko sura za majirani zangu.

Mwaka ule nilikuwa na harusi moja tu kichwani. Binti yangu wa pekee, Rukia, alikuwa ameposwa na kijana wa Ilala anayeitwa Idrisa, na ndoa ilipangwa kufungwa baada ya Ramadhani. Nimesinga watoto wa watu kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Wa kwangu nilimsubiri tangu anatambaa.

Ilianza mwishoni mwa masika, kichwani. Nikasema ni mba. Nikapaka mafuta ya nazi, nikaongeza ndimu, nikaendelea na shughuli zangu. Baada ya wiki mbili paji la uso likakaza, nikicheka nasikia ngozi inavutwa. Kisha mashavu yakawa mekundu, shingo ikafuata, kifua kikafuata. Ugonjwa ulikuwa unashuka kutoka juu kwenda chini, taratibu, kila wiki kiungo kipya, na mimi naufuatilia kwenye kioo nisijue nifanye nini.

Daktari wa kwanza, kwenye kliniki ya jirani, alisema ni fangasi. Nikameza vidonge vya fangasi, wekundu ukafika tumboni. Wa pili alisema ni mzio, akaniuliza kama nimekula pweza. Sikuwa nimekula pweza, lakini nilitoka pale nimeshaanza kujiuliza kama nilikula nikasahau. Wa tatu alinitazama uso, akafunga faili, akaniuliza kwa ule upole wa mtu anayeamini anadanganywa.

"Mama, unapaka nini?"

"Sipaki kitu, daktari. Mafuta ya nazi tu."

"Mama, mimi si polisi."

Nikamwelewa. Alidhani najichubua. Mtu akiiva uso Kariakoo hakuna anayehangaika kutafuta sababu nyingine, mkorogo unauzwa hatua chache kutoka mlangoni kwetu na kila mtaa una mama mmoja mwenye uso wa rangi moja na vidole vya rangi nyingine. Nilichukia, lakini daktari ni mtu baki. Kilichoniumiza ni kwamba jioni ile mume wangu naye aliniuliza hivyohivyo. Baba Rukia anauza mitandio kwa jumla, na wenzake dukani walikuwa wameshamtania.

"Mama Rukia, niambie tu. Sitagomba."

"Miaka thelathini tumelala chumba kimoja. Umewahi kuniona na kopo la mkorogo?"

Hakusema ananiamini, akasema chakula kinapoa. Nililia bafuni, na machozi yakichuruzika kwenye mashavu yaliyopasuka yanachoma vibaya sana. Hilo nalo nilikuwa silijui.

Mikono ndiyo iliyonisimamisha kazi. Viganja viligeuka manjano, vikawa vinene na vikavu, na kwenye mikunjo vikapasuka. Bibi harusi wangu wa mwisho alikuwa mtoto wa Magomeni, mpole mno. Nilipomgusa mgongo alivumilia kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Somo, samahani, mikono yako inakwaruza." Nikamwita dada Mwajuma aje amalizie. Siku ile niliogopa kwa mara ya kwanza. Siyo kufa, hilo halikunijia kabisa. Niliogopa kwamba Rukia atasingwa na mikono ya mtu mwingine.

Sasa nakuja kwenye kosa letu, na nalisimulia kwa sababu najua kuna watu wa pwani watakaolifanya tena. Kwetu sisi, ngozi ikiwa mbaya haipelekwi kupumzika. Inasuguliwa. Ngozi yenye vipele inasingwa, yenye madoa inasingwa, iliyokauka ndiyo inasingwa mara mbili. Dada Mwajuma alinitazama nikiwa nimekaa kitandani, magamba yamejaa shukani kama unga wa muhogo, akasema hawa madaktari wanakuchezea.

"Hii ni taka ya mwili inatoka, Saumu. Tuisaidie itoke."

Nami nilikubali. Tena ni mimi niliyemwelekeza aongeze karafuu. Tulijifungia chumbani siku tatu, asubuhi na jioni, ananisugua mgongo, mikono, mapaja, na magamba yanatoka kweli, yanajaa kwenye mkeka, na kila yanapotoka tunaangaliana kwa furaha tukidhani tunashinda. Chini ya magamba ngozi ilikuwa inang'aa nyekundu. Dada alisema hiyo ndiyo ngozi mpya.

Siku ya nne nilianza kutetemeka. Jua la Dar linawaka, watu nje wanajipepea kwa maboksi, mimi nimevaa sweta la Baba Rukia na nimejifunika blanketi na meno yanagongana. Mwili mzima ulikuwa mwekundu kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Miguu ilivimba. Kope za chini zilivutika, macho yakawa hayafungi vizuri. Rukia alirudi kutoka kazini Posta, akanitazama, hata kunisalimia hakunisalimia. Alitoka akaita bajaji.

Tulipita Mnazi Mmoja, watu wanatembea na shughuli zao, na mimi nimejifunika kanga mbili usoni kama maiti anayekaa. Rukia alikuwa analia huku anamgombeza dereva aende haraka. Dada Mwajuma alibaki nyumbani. Baadaye niliambiwa alikaa kwenye kibaraza na bakuli la singo mapajani, hataki kuongea na mtu. Ilimchukua miezi kuniangalia machoni, na mimi sikumsaidia, kwa sababu nilikuwa sijui nimlaumu yeye au nijilaumu mimi.

Hospitali nililazwa wiki mbili. Baada ya hapo nikawa mtu wa mabenchi. Benchi la kliniki ya ngozi lina tabia yake: kila mtu anamwangalia mwenzake akijaribu kubahatisha ana nini, na kila mtu anaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Mimi waliniachia nafasi ya watu wawili. Siku moja mama mmoja mwenye vidonda miguuni alikuja akakaa kwenye ile nafasi, akanigusa bega akauliza kama nimeshaitwa. Alinigusa tu, kwa kawaida, kama mtu anavyomgusa mwenzake. Sijawahi kumwona tena na jina lake sikuuliza, lakini namwombea dua mpaka leo.

Pale ndipo nilipokutana na Daktari Neema, binti wa Kilimanjaro, umri kama wa Rukia, anayeongea haraka na kuandika polepole. Katikati ya ule wekundu wote nilikuwa nimebakiwa na vipande vidogo vya ngozi yangu ya zamani, kimoja kiunoni, viwili begani. Nilivikagua kila asubuhi nikihofia vimeondoka. Daktari Neema alipoviona akatabasamu.

"Unacheka nini?" nikamwuliza. Sikuwa na adabu siku hizo.

"Samahani, mama. Sicheki. Hivi vipande ndivyo vinavyonipa wazo."

Akanikata kipande cha ngozi mgongoni, kidogo kama punje ya choroko, kikapelekwa kupimwa. Majibu ya kwanza yalirudi hayaeleweki. Wakakata kingine. Vuli ilikuwa imeanza kunyesha aliponiita na kuniambia jina. Naliandika hapa kama lilivyo kwenye faili langu, kwa ajili ya yule atakayelikuta kwenye lake: pitiriasis rubra pilaris. Nilimwambia alirudie mara tatu. Nilidhani nikilijua jina nitatulia, lakini kumbe jina peke yake halikuambii kitu.

"Ni ugonjwa wa nadra, mama. Wengi wetu tunausoma kwenye vitabu tu. Kwangu mimi wewe ni wa kwanza."

"Na mimi ni mara yangu ya kwanza," nikasema. Akacheka, na safari hii sikuchukia.

Alinipa dawa ya kumeza mara moja kwa wiki. Alisisitiza mpaka akanikera: siku moja tu kwa wiki, ukinywa kila siku itakudhuru. Nikachagua Jumatano. Toka hapo sikuhesabu tena tarehe, nilihesabu Jumatano. Jumatano ya kwanza, kichefuchefu. Jumatano ya nne, damu imepimwa, ini liko salama. Jumatano ya saba, hakuna mabadiliko, Rukia ananipaka vaselini mgongoni. Na marufuku ilikuwa hii: nisisuguliwe, nisiguse manukato, nisisinge mtu mpaka aniruhusu.

Kiangazi kilipofika, akaja Bi Tatu. Huyu ni shangazi yake Idrisa, ndiye msemaji wa upande wao. Alikuja na maandazi, akasalimia vizuri, akaulizia hali yangu, akasifia mapazia. Nilijua tu kuna jambo. Alipomaliza chai akaweka kikombe chini.

"Saumu, nauliza kwa wema. Huu ugonjwa wako unaambukiza?"

"Hauambukizi. Daktari amesema."

"Alhamdulillah. Na wa kurithi je? Maana mtoto anaolewa ili azae."

Niliwahi kumwuliza Daktari Neema, akasema ukimwanza mtu mzima si kawaida kurithiwa, ila atauliza wakubwa wake. Nikamwambia Bi Tatu nitamletea jibu. Akasema basi ndoa isogezwe mbele kidogo, tusubiri hilo jibu, hakuna haraka. Rukia alikuwa nyuma ya pazia, na alisikia yote. Alipika chakula cha jioni kikaungua, na hakuna aliyethubutu kusema kimeungua.

Wiki ile ile Daktari Neema alinijia na ombi. Madaktari na wanafunzi wanakutana Alhamisi, wanataka kuuchunguza ugonjwa huu na kujifunza. Ningekubali waniangalie? Uso utafichwa kwenye picha, jina halitatajwa. Nilishangaa kidogo kwamba nakasirika. Mwili wangu ameuona mume wangu na dada yangu, na tangu nimeugua wameuona wauguzi. Sasa nijianike mbele ya ukumbi? Nililala na hasira, nikaamka na wazo.

"Nitakuja. Lakini na mimi nitauliza swali moja, na mnijibu wote mkiwepo."

Alhamisi nilikaa kwenye kiti mbele ya watu kama ishirini, nimeshusha kanga hadi kiunoni kwa nyuma na kuibana kifuani kwa mbele. Walipita mmojammoja. Walinong'onezana maneno yasiyo ya Kiswahili. Mmoja alihesabu vile vipande vyangu vya ngozi ya zamani kwa sauti kama anahesabu mayai. Mwanafunzi mmoja wa kike aliomba ruhusa kunigusa, akapasha kwanza viganja vyake kwa kuvisugua pamoja, na hapo nikageuka kumtazama, maana hivyo ndivyo ninavyofanya mimi kabla ya kumgusa bibi harusi. Nilikaa nimeinama mpaka wakamaliza. Kisha nikavuta kanga, nikageuka.

"Nina binti anaolewa. Ataupata?"

Wakamtazama daktari mmoja mwenye mvi aliyekaa mstari wa mbele.

"Mama, ukianza ukubwani kama ulivyoanza kwako, kwa kawaida haurithiwi. Upo wa kurithi, ila ule huonekana mtoto akiwa bado mdogo."

"Kwa kawaida."

"Ndiyo, kwa kawaida."

"Na kwa Rukia wangu?"

"Kwa mtu mmoja siwezi kukuapia. Nikikuapia nitakuwa nakudanganya."

"Mimi niliupata wapi?"

"Hilo hatulijui, mama. Ndiyo maana tumekuomba uje."

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka. Nilikuwa nimekaa mgongo wazi mbele ya wasomi wa nchi nzima ili niambiwe hawajui. Baba Rukia alinisikiliza mpaka mwisho, akasema jambo lenye akili kabisa.

"Waambie haurithiwi. Si ndivyo alivyosema?"

"Alisema kwa kawaida."

"Mama Rukia, nani anaolewa kwa neno kama hilo?"

Siku mbili nilizunguka nalo. Nikisema nusu, mwanangu anaolewa. Nikisema yote, pengine naivunja ndoa yake kwa mdomo wangu mwenyewe, na yeye hajaniomba nimwokoe na uongo. Nilimwuliza Rukia. Akasema, "Mama, sema ulichoambiwa. Sitaki kuishi nyumbani kwa watu nikijikagua kwa siri." Basi nikavaa baibui, nikaenda Ilala na sweta langu juu, maana baridi bado ilinishika, nikamweleza Bi Tatu neno kwa neno, pamoja na lile la kwa kawaida, pamoja na hatujui. Aliniuliza maswali matatu, nikamjibu sijui mawili. Alinisindikiza mpaka barabarani, akarudi ndani.

Ramadhani ikaingia. Sikufunga, nilikuwa na dawa, na kukaa nyumbani mchana ninakunywa maji peke yangu kulinifanya nijione nimetolewa kwenye kundi. Hakuna neno kutoka Ilala. Idrisa alikuwa anampigia simu Rukia, wanaongea kwa sauti ndogo, sikuuliza. Kabla ya Sikukuu, Bi Tatu akaja tena. Safari hii hakusifia mapazia.

"Tulikaa kikao cha ukoo," akasema. "Wakaanza kutaja ya kwenu. Nikawaambia na sisi tutaje ya kwetu. Baba yake Idrisa amekufa na sukari, babu yake pia. Mjomba wake ana kifafa, hatukuwaambia. Nani hapa ana kiapo?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtoto wetu anaoa. Tupange mfungo sita, mwezi wa Maulidi."

Nilitaka kumshukuru, nikashindwa, nikamkatia embe.

Nafuu yangu nayo ilikuja kutoka juu kwenda chini, kama ugonjwa ulivyokuja. Kwanza paji la uso, kisha shingo. Mikononi ile ngozi nene ya manjano ilivuka vipande vikubwa, na chini yake viganja vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Siku niliyofurahi zaidi ni ya ajabu kidogo kuisimulia. Nilikuwa sokoni nanunua mchicha, nikasikia kitu kinatiririka mgongoni. Lilikuwa jasho. Kwa miezi mwili wangu ulikuwa hautoi jasho kabisa, nikiwaka ndani na kutetemeka nje. Nilisimama pale katikati ya mikokoteni na watu wanaonipigia kelele nipishe njia, nikalia kwa ajili ya jasho.

Daktari Neema aliniruhusu kusinga kwa muda mfupi, ninawe mara moja nikimaliza. Alisema pia ugonjwa huweza kurudi, na huweza usirudi. Nilikuwa nimeshamzoea, sikumwuliza lini.

Basi mfungo sita Rukia akaingia ndani siku saba, na mimi nikamsinga. Dada Mwajuma alisaga liwa, hakugusa mtu. Siku ya pili, nilipofika shingoni kwa nyuma, chini kidogo ya nywele, nikaona vipele. Vidogo, vyekundu, kama kumi na mbili, vimekauka juu. Mikono yangu ikasimama. Dada naye aliviona, akaacha kusaga. Nikuondolee wasiwasi wewe unayesoma: vilikuwa vya joto, viliisha vyenyewe baada ya ndoa. Lakini siku ile hatukujua. Niliviangalia kwa karibu, nikavipapasa, nikatafuta kwenye macho yangu ule ujuzi wote wa miaka ishirini na mitano, na haukuwepo.

"Kuna nini, mama?"

"Vipele."

"Vya nini?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri ya kumpa bibi harusi, na amani yake ya siku tano zilizobaki ilikuwa mikononi mwangu.

"Sijui, mwanangu."

Akainamisha kichwa zaidi, shingo ikawa wazi mbele yangu.

"Basi hapo usisugue," akasema. "Endelea chini."

Nikapasha viganja, nikaendelea.